Mlango wa Ukumbi wa Bi Nagwa

Murielle, fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville mwenye asili ya Bukavu, alijifunza ngoma ya Kiarabu ya kukata kiuno kwa Bi Nagwa, Mmisri aliyewaambia wanafunzi wake kwamba kwao wanawake waliicheza arusini, wenyewe kwa wenyewe, kabla haijapelekwa kwenye kumbi za starehe. Kanisani hakuthubutu kuitaja, angetengwa.

Jumamosi moja akaingia ukumbini Mama Pasta, mke wa mchungaji wao. Murielle alijitanda kitenge haraka, lakini alivyotetemeka, sarafu za mshipi wake wa kuchezea zikalia.

"Murielle, ni wewe?"

"Mama, nihurumie. Usimwambie Pasta."

Mama Pasta alichungulia nje, akaufunga mlango taratibu.

"Na wewe usimwambie," alinong'ona. "Nimekuja kujifunza."

Walicheza bega kwa bega, na kila waliposikia hatua za mpita njia barabarani, wote wawili waliganda.