Shati la Verlyn Lina Dereva Wake

Kuna watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli, na kuna Verlyn Stordahl, ambaye hawezi kupanda baiskeli bila kukuambia. Hapa Minneapolis ugonjwa huu umeenea, lakini wake ulikuwa sugu. Sisi tunawakatia wakulima bima ya mvua ya mawe. Mkulima akipiga simu analia mahindi yake yamelala chini, Verlyn alikuwa radhi kumwambia, kabla hata ya pole, kwamba asubuhi hiyo amekuja kwa baiskeli.

Sikatai, alikuwa anaendesha kweli. Mvua, upepo, theluji ya kukata masikio, Verlyn yumo. Kilichotumaliza sisi ni nguo. Mtu anafika amelowa jasho, anaingia msalani, anatoka na shati jeupe pe, halina hata kunyanzi moja, na suruali ina mstari wa kukatia mkate. Sisi tunaokuja kwa basi hatukuwahi kufika hivyo.

"Siri ni kuviringisha," alikuwa akitufundisha saa ya chakula, tutake tusitake. "Watu wanakunja. Kukunja ni ushamba! Funga vifungo vyote, weka karatasi laini ndani, viringisha taratibu, tia kwenye begi. Shati halijui hata kama limesafiri."

Dwight wa meza ya madai, ambaye naye huja kwa baiskeli ila hatangazi, akaamini. Kesho yake akaingia kwenye mkutano na shati kama limetoka mdomoni mwa ng'ombe. Verlyn akamtazama kwa ile huruma ya walokole.

"Umeviringisha kwa pupa, kaka. Viringisha kwa moyo."

Mimi nilinyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni kazi ngumu. Meza yangu iko mapokezi, na dirisha langu linatazama mlango wa nyuma. Kila asubuhi, Verlyn akiwa bado anafunga baiskeli, gari dogo la buluu lilikuwa limeshaingia uani. Kiti cha nyuma shati limening'inia kwenye hanga. Kiti cha mbele suruali imelazwa kama mgonjwa. Kwenye usukani yupo Corinne, mke wa Verlyn, mpishi wa shule ya mtaa wa pili. Anashuka, anamkabidhi mumewe nguo pale mlangoni, anaondoka zake. Shati linakuja kwa gari, mwenye shati kwa baiskeli!

Siku moja ya mvua kubwa nikashindwa kuvumilia, nikatoka.

"Corinne, mwenzangu, kwa nini usimpakie na yeye?"

"Atakaa wapi, shoga? Suruali ikikaliwa inakunjamana." Akacheka, lakini hakuwa na raha. "Nampita pale kando ya ziwa kila siku, nampigia honi. Hanipungii mkono. Anaogopa wenzake wataona."

Akakitazama kile kiti cha mbele. "Watoto wameshahama. Jioni yeye na minyororo yake na grisi yake. Hata hii safari tungeongea."

Nikarudi mezani kwangu nimekasirika kama aliyeibiwa. Ningemwaga mtama siku ileile, ila Corinne alinisihi, nikameza.

Sasa, kila Mei ofisi yetu hutoa helmeti iliyopakwa rangi ya dhahabu, apewe mfanyakazi aliyepita mwaka mzima bila kutegemea gari kuja kazini. Verlyn aliitaka hiyo helmeti kuliko mshahara. Wiki ya tuzo akatutangazia kwamba ameshaipatia nafasi sebuleni.

"Nimeondoa picha ya harusi," akasema. "Ilikuwa imekaa pale tangu zamani."

Mtume! Hata Dwight aliacha kutafuna.

Siku ya tuzo ikafika, gari la buluu halikufika. Verlyn akasimama mlango wa nyuma na kaptura yake ya kubana, shingo imenyooka kuelekea barabarani.

"Bwana Verlyn, unamngoja nani?" nikamuuliza, nami najua.

"Simngoji mtu. Napunga upepo."

Akapunga upepo mpaka akaitwa ndani. Meneja wetu, Bi Lorraine, ameshika helmeti, watu wamejaa, keki iko mezani. Verlyn akaenda mbele na ile kaptura inayoonyesha kila kitu alichopewa na Mungu.

"Shati leo liko wapi?" Bi Lorraine akauliza.

"Leo nimeamua nije kama mwendesha baiskeli halisi."

"Safi! Basi lile la kwenye begi litoe, utuonyeshe unavyoviringisha."

Akafungua begi polepole. Akatoa pampu. Akatoa mkate wa jibini. Akaendelea kupapasa mle ndani utafikiri begi lina chumba cha pili. Hapo mlango ukafunguka, Corinne akaingia na aproni ya jikoni, hanga mkononi.

"Shati lako hili. Nimezunguka nalo asubuhi nzima sijui nilitupe ziwani au nikuletee."

"Corinne, mke wangu, si hapa."

"Wapi, basi? Nyumbani huongei, njiani hunipungii mkono. Picha yetu ya harusi umeitoa ukutani. Kila siku nasafiri na shati, Verlyn. Nami nataka siku moja nisafiri na mwenyewe."

"Yaani lilikuwa linapanda gari?" Dwight akapaza sauti, na chumba kizima kikaangua kicheko. Corinne hakucheka. Verlyn alimwona hacheki.

Akachukua shati, akalivaa palepale juu ya kaptura, vifungo vikapishana.

"Ni kweli," akasema. "Halijawahi kupanda baiskeli hata siku moja."

Helmeti akapewa Dwight, na mashati yake ya mdomoni mwa ng'ombe.

Jumatatu gari la buluu likaingia uani. Kiti cha mbele hakikuwa na suruali. Alikaa Verlyn, anaongea kwa mikono yote miwili, na Corinne anacheka mpaka ameegemea usukani. Walikaa mle ndani mpaka simu zikaanza kulia ofisini, wala hawakushuka.

Hatimaye Verlyn alipopita mapokezi nikaona mkunjo mkubwa umekata kifua chake, kutoka begani hadi kiunoni, pale ulipopita mkanda wa gari.

"Bwana Verlyn, shati lako limekunjamana."

Akalitazama.

"Najua," akasema. "Usiliguse."