Chakula Nilichokikataa Puge

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa nilipoanza kuchagua chakula. Kabla ya hapo nilikula chochote kilichowekwa mbele yangu. Mimi ni fundi cherehani, kama alivyokuwa marehemu baba, na baraza letu liko mjini Tabora, karibu na soko. Kazi yetu ni ya kukaa. Asubuhi chapati na chai ya maziwa, saa nne mihogo ya kukaanga, mchana wali, jioni ugali, na joto likizidi, soda. Siku moja niliinama kuokota mkasi ulioanguka chini ya meza, nikabaki pale pale nikihema, mpaka mke wangu akaja kunishika mkono.

Hospitali walinipima. Daktari, dada mmoja mdogo kuliko mimi, aliniambia presha imepanda na ini limeanza kujaa mafuta. Aliposema ini nilimwomba arudie. Kaka yangu mkubwa alikufa kwa ini.

Hivyo ndivyo hospitali walivyosema. Kijijini kwetu Puge walisema jingine. Kaka aliumwa siku chache baada ya kula nyumbani kwa baba mdogo, na kabla hata ya arobaini watu walikuwa wameshaunganisha mambo. Hakuna aliyesema waziwazi. Walikuwa wakinyamaza baba mdogo anapopita, na huko kwetu mzee akishaanza kunyamaziwa hivyo, maisha yake hayako salama.

Mimi sikuamini. Niliwahi kusema hivyo mbele ya mama, anayeishi nasi, naye akainuka akaenda jikoni.

Basi nikaanza. Nyuma ya stesheni kulikuwa na chumba cha bati ambamo askari mstaafu mmoja alifundisha watu mazoezi kwa vyuma alivyounda mwenyewe: ekseli za magari na makopo yaliyojazwa zege. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza ninakula nini, nikamweleza. Akasema, "Hapa utakuja saa moja tu kwa siku. Saa nyingine zote kazi yako iko jikoni." Akanipangia mayai ya kuchemsha, maharage, dagaa, kuku bila ngozi, mlenda na matembele bila kukaangwa, ugali wa ukubwa wa ngumi moja. Sukari niache, soda niache, mafuta kijiko.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilimfokea mke wangu kwa harufu ya vitumbua alivyokuwa akiwapikia watoto. Wiki ya tano suruali zikaanza kuniporomoka, na mikono ikaanza kujaa kutokea mabegani. Wateja hawakuona mabega. Waliona mashavu. "Fundi, unaumwa?" Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaanza dawa. Mke wangu naye aliulizwa kisimani kama ananinyima chakula. Akarudi na ndoo nusu, hasira zimemjaa, akaniambia, "Baba watoto, jenga hiyo misuli haraka, nimechoka kusemwa."

Wiki ya nane baba mdogo akapiga simu. Binti yake alikuwa ameposwa na familia moja ya Ziba, na wazee wa upande wa mume walikuwa wanakuja kumalizia mazungumzo. Kwa kuwa baba na kaka hawapo tena, mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba yetu. Nilitakiwa niwepo.

Asubuhi ya safari mke wangu alinifungia kontena la plastiki: mayai manne, maharage, mboga. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Akaliona, akasema, "Vizuri. Kula chako." Nilielewa alichokuwa anakisema. Nilipaswa kumjibu. Nikafunga viatu, nikamuaga, nikaenda kupanda basi.

Nilifika Puge saa tano. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Baba mdogo alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia haraka. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Wageni walikuwa watano, wazee wa heshima wakiongozwa na mshenga mwenye kofia nyeusi. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mchana mama mdogo na wanawake wengine wakaleta chakula: wali uliong'aa kwa samli, nyama ya mbuzi yenye mafuta, mchuzi mzito. Tukanawa mikono.

Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi mnisamehe, nimekuja na chakula changu." Nikafungua kontena.

Mkono wa mshenga ulikuwa umeshafika kwenye wali, ukasimama. Mzee mwingine akaurudisha wake pajani. Mama mdogo alikuwa bado ameinama na bakuli la mchuzi. Aliliweka chini polepole, akatoka nje bila kugeuka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mdogo wa marehemu alikuwa amekataa, mbele ya wakwe, kula katika nyumba ile ile.

Baba mdogo akaniuliza, "Mwanangu, chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, baba. Ni daktari."

"Daktari," alirudia. Akavuta sahani yangu iliyokuwa imeshapakuliwa, akamega tonge la wali, akachukua kipande cha nyama, akala. Akatafuna mpaka mwisho huku akinitazama. Kisha akaisukuma sahani mbele yangu.

Nikiendelea kukataa, nimemhukumu. Nikila sasa, baada ya yeye kuonja, nimewaonyesha wageni kwamba kweli nilikuwa nasubiri aonje. Mzee wa pembeni alianza kutafuta fimbo yake ya kutembelea kwa mkono, na baba mdogo aliuona mkono ule. Nilimwazia binti aliyekuwa chumba cha pili akisikiliza.

Njia niliyoiona ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbaya. Ilibidi niliseme lile ambalo wageni pengine walikuwa hawajalisikia.

Nikasema, "Wazee wangu, nisikilizeni. Kaka yangu alikula hapa, baadaye akafa, na watu wakasema maneno. Mimi ndiye niliyekaa naye hospitali. Niliona vipimo, tumbo lilijaa maji, ini lilikuwa limeharibika muda mrefu kabla hajaja hapa. Hakuuawa na mtu. Na mimi miezi miwili iliyopita nilipimwa, ini langu limeanza kujaa mafuta. Ndiyo sababu ninakula hivi. Nakula hivi mjini, nakula hivi kwa mke wangu, na leo nimekosa, kwa sababu nilipaswa kumwambia baba kabla ya chakula kuletwa."

Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Miaka miwili mizima hakuna mtu wa ukoo aliyekuwa amelitamka jambo lile mbele yake, si kwa kumshtaki wala kwa kumtetea. Nami nilikuwa mmoja wao.

Mwishowe akanyanyua uso. "Huyo daktari kasema ule nini?"

"Mayai, maharage, mboga. Nyama isiyo na mafuta. Wali kidogo, bila samli."

Akaita kwa sauti kuelekea uani, "Mama, njoo. Mtoto anataka nyama tupu na mlenda." Kisha akanyoosha mkono kwenye kontena langu, akachukua yai. "Na mimi nitaonja cha kwako," akasema, akalila kwa chumvi.

Mshenga akakohoa. Akavua kofia, akaiweka gotini. "Hata mimi," akasema, "hospitali ya Igunga walinikataza chumvi. Mwaka wa tatu huu. Kila nikialikwa ninakula tu, naona aibu kusema." Akaurudisha mkono kwenye wali. Wengine wakafuata. Mama mdogo alileta bakuli la mlenda na minofu iliyochemshwa, macho yake mekundu. Nilikula vyote, na wali kidogo juu yake.

Kwenye basi la kurudi sikujisikia kama mtu aliyefanya jambo jema. Nilikuwa najiuliza swali moja. Mazoezi yangu yasingeharibika kwa mlo mmoja. Mwalimu wangu mwenyewe alishaniambia hivyo. Sasa kwa nini nilibeba kontena lile hadi Puge? Nilitafuta jibu tangu kizuizi cha kukagua mazao barabarani mpaka taa za kwanza za Tabora, na jibu nililolipata, lililofanana na la mama, sikulipenda.

Mama aliniuliza mlangoni, "Umekula?"

"Nimekula, mama. Chakula cha baba mdogo." Nikamweleza yote, pamoja na yale ya hospitali ambayo nilikuwa nimemfichia kwa kuogopa kumuumiza. Kwa siku tatu alikuwa akiniangalia kila asubuhi, macho, rangi ya viganja, kama mtu anayesubiri.

Bado nanyanyua vyuma. Kiuno kimepungua, presha imeshuka, na daktari ameridhika na ini. Kila mwezi nakwenda Puge, na baba mdogo hunichinjia kuku na kuniwekea minofu pembeni.

Arusi ilifanyika baada ya mavuno. Nilidhani mama atasingizia maumivu ya goti ili asije, lakini alivaa, akapanda basi pamoja nasi. Baba mdogo alimletea kiti mwenyewe, akakifuta vumbi kwa mkono. Pilau ilipopita mama aliiacha. Baadaye nilimwona ameshika ndizi mbivu kutoka kwenye sinia la nyumba ile, akaimenya mwenyewe taratibu, akaila yote. Baba mdogo naye alikuwa amesimama karibu na mlango, anamtazama.