Safu za Watano-Watano

Kila jioni Papa Antoine Chilufya alimwambia binti yake Wivine kwamba kesho haendi tena, na kila alfajiri alikwenda. Magoti yalikuwa yamekwisha. Miaka kumi na minane ya kusimama mdomoni mwa shimo la shaba, nje ya Lubumbashi, barabara ya Kasomeno, si mchezo jamani.

Kazi yake ilikuwa moja: kujua kama wachimbaji walioingia asubuhi wametoka wote. Lakini kwao, tangu kwa bibi yake, mtu hahesabiwi. Ukinyoosha kidole, moja, mbili, tatu, unakiambia kifo kichague. Basi Antoine hakuhesabu kichwa hata kimoja. Aliwapanga watatu-watatu, akaandika kwa chaki kwenye ubao idadi ya waliobaki bila safu. Kisha watano-watano, kisha saba-saba. Asubuhi hiyo ubao ulisema: wawili, watatu, wanne. Wivine, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliwahi kumweleza kwamba Wachina wa kale waliijua njia hiyo, kwamba mabaki hayo matatu yanatosha kutoa jumla yoyote iliyo chini ya mia na tano, na kwamba leo kompyuta huitumia kufungua haraka ujumbe wa siri.

"Basi ile jumla usiniambie," baba yake alijibu.

Saa kumi alasiri wingu lilikuwa jeusi. Guelord, msimamizi wa shimo, aliwapanga mwenyewe watatu-watatu, akaona wamebaki wawili, kama asubuhi.

"Bote balishatoka, papa. Achia bantu baende, mvula inakuya."

Antoine alitamani sana kukubali. Mwili mzima ulimwambia, kubali mzee, ukalale.

"Bapange tano-tano," akasema.

Wanaume waliguna. Mmoja alisema uzee unamsumbua. Mwingine akasema, "Tunachoka, papa."

"Na miye nachoka. Mujipange."

Walijipanga kwa kununa. Safu zikatimia, hakubaki mtu. Asubuhi walikuwa wamebaki watatu.

Guelord aliukodolea ubao macho. Antoine alielewa mara moja: humo shimoni watu huchimba watatu-watatu, kila kundi na handaki lake. Kundi zima likibaki chini, safu za watatu hazisemi kitu.

"Dieumerci iko wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma. Yeye na wenzake wawili wa handaki moja hawakuwamo kwenye safu.

Walishuka na koleo, wengine kwa mikono mitupu. Handaki la Dieumerci lilikuwa limeziba mdomo kwa udongo. Mvua ikaanza. Antoine aliketi juu ya ndoo, magoti yakiwaka moto, akiogopa wala hakuficha. Angekubali dakika ile, sasa angekuwa njiani kwenda nyumbani, akiwaza chai.

Walipopanda, wamelowa chapachapa, Guelord alinyoosha kidole, midomo ikaanza: moja, mbili...

Antoine akakishika kidole kile.

"Bapange," akasema.

Wakajipanga watano-watano, safari hii bila kuguna. Nyuma ya safu ya mwisho walibaki watatu, udongo mpaka kwenye kope, Dieumerci katikati, ameshikiliwa na wenzake.