Mate ya Mzee Kitheka

Sisi wa kijiji cha Kola tulijua mapema kwamba Aloys hangelishika jembe kwa moyo. Akitumwa kuchunga mbuzi, angerudi jioni amemwigiza padri, mwalimu mkuu na mama yeyote aliyepita njiani, huku mbuzi wenyewe wamo shambani kwa watu wakimaliza kunde. Mama yake, Mutheu, alimchapa, kisha akamwomba amwigize padri tena, kwa sauti ya chini, baba mtu asisikie.

Shule ya upili alimaliza na alama za kusikitisha na kikombe kimoja cha mashindano ya maigizo. Alikuwa amecheza chifu mlevi, na wanasema jaji alicheka mpaka akavua miwani. Kwa hicho kikombe peke yake kijana akaamua kwenda Nairobi kuwa mwigizaji. Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Mutheu alilia. Baba yake, Mzee Kitheka, hakulia wala hakukataa, alimwambia tu afungue vifungo vya shati.

Hapa nieleze, maana siku hizi kuna watoto wasioyajua haya. Mzee Kitheka alikuwa mtu wa kubariki. Mkatoliki kamili, haachi Misa, lakini watu walimpelekea mbegu kabla ya mvua, na mtoto kabla ya mtihani, na kijana anayeingia jeshini. Angefumba macho, midomo ikacheza kwa muda kama anayetafuna kitu kitamu, kisha angetema mate kifuani pako. Si mate ya kutema njiani, ni manyunyu tu, phu, unayahisi baridi. Halafu anasema, "Ngai akuathime," yaani Mungu akubariki. Hivyo ndivyo alivyomuaga mwanawe, na Aloys akafunga shati bila kujipangusa.

Nairobi ilimfundisha adabu. Aliingia katika kundi lililozunguka shuleni likiigiza vitabu vya mtihani, akacheza mfalme Jumatatu na bibi kizee Jumanne, katika kumbi za kulia zinazonuka kabeji. Wazungu wakaja kupiga sinema ya ukame kule karibu na Ekalakala, naye akachukuliwa awe mwenye njaa. Hapo hakuhitaji kuigiza. Sinema ilipotoka tuliitafuta kwenye kanda, tukaitazama yote, tukamwona kisogo. Mutheu alikitambua hicho kisogo akapiga vigelegele, na Aloys akaona haya hata hakumaliza chai. Lakini haya hizo zilikuwa ndogo.

Mwaka wa elfu mbili na moja, mtayarishaji mmoja wa runinga aitwaye Henry alikuwa akitafuta mtu wa kucheza bawabu mzee katika vichekesho vya kila Jumapili. Waigizaji walipanga foleni. Zamu ya Aloys ilipofika, sauti ya kizee ikamkauka, utani ukakataa, Henry akaanza kupiga miayo. Akiona riziki inaondoka hivi hivi, Aloys alimshika mwigizaji mwenzake, akamfungua vifungo vya shati, akafumba macho, akatafuna hewa, akamtemea. Watu walianguka kutoka vitini.

"Wee! Hiyo umetoa wapi?" Henry akauliza, machozi yakimtoka.

"Nimeitunga tu," akasema Aloys.

Neno hilo lilimtoka kirahisi kuliko yote aliyowahi kuyakariri. Bawabu akapewa jina la Mzee Mate.

Mimi nilikuwa na duka sokoni, na dukani nilikuwa na runinga iliyotumia betri ya gari. Jumapili ya kwanza tulijaa mpaka mlangoni. Mzee Kitheka tulimpa kiti cha mbele kabisa, kwa heshima ya kuzaa nyota. Aloys akatokea, koti kuukuu, mgongo umepinda, anabishana na tajiri wake kwa Kiswahili chenye Kikamba tele, na sisi, wenye Kiswahili hicho hicho, tukacheka tukashikana mabega. Kisha mgeni akafika getini, mwanamke wa mjini mwenye nguo nzuri. Bawabu akafumba macho. Midomo ikaanza kutafuna.

Sote dukani tukamtazama Mzee Kitheka. Lile phu la runingani lilikuwa kubwa, la kumwagika, na mwanamke akapiga kelele na kujipangusa uso, na watu wasioonekana wakacheka mle ndani ya runinga. Mtu mmoja nyuma yetu akashindwa kujizuia. Akicheka mmoja, basi, tulicheka wote, na mimi nikiwemo.

"Mama Nthambi," Mzee Kitheka akaniuliza bila kugeuka, "huyo mzee ni nani?"

"Ni Aloys, asa," nikasema, nikimwita baba kwa heshima. "Ni mchezo tu."

"Aloys nimemwona. Nauliza huyo mzee."

Akainuka, akasema ng'ombe hajapewa maji, akatoka.

Kufikia Krismasi nchi nzima ilimjua Mzee Mate. Aloys alikuwa akisimamishwa mitaani, watu wazima wakimfunulia vifua wakicheka. Kwetu, wanafunzi walimwona Mzee Kitheka njiani wakakimbia wakipiga kelele, "Atatutemea!" Mvua ilipokaribia, watu wachache walimpelekea mbegu kama kawaida, akawarudisha. "Pelekeni kwa Father, ako na maji ya baraka," akasema. "Hii yangu imekuwa ya runinga."

Mutheu alimpigia Aloys simu kutoka kibanda cha sokoni akamweleza yote. Aloys akaja nyumbani na blanketi na sukari. Walikaa yeye na baba yake.

"Kazi iko sawa?" mzee akauliza.

"Iko sawa, asa."

"Nesa. Vizuri."

Alitaka kuomba msamaha. Kwa aibu, ule ulimi uliochekesha watu mpaka Mombasa ukalala. Akasifia ng'ombe, akaondoka. Nairobi alimwendea Henry akamwomba waondoe ile ya mate. Henry hakukasirika hata kidogo.

"Bro, ukitoa mate unabaki na nini? Mzee wa kawaida tu. Hao wako wengi."

Aloys alijua ni kweli. Katika yote aliyoyafanya, lililopendwa lilikuwa moja tu, nalo halikuwa lake. Akarudi kuvaa koti, akatema mwaka huo na mwaka uliofuata, na kila Jumapili alipojiona alizima runinga kabla ya kufika pale. Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa kila mahali isipokuwa kwao, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kisha akapata mchumba. Mwikali alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Ekalakala, hana mchezo. Aloys alitaka wafunge ndoa mjini kwa haraka, waalike wasanii. Mwikali akakataa.

"Mimi sitaki harusi ya picha. Mbuzi za ntheo ziende kwetu, na baba yako aje atubariki mbele ya watu wetu. Bila hiyo mimi si bibi ya mtu."

Na ni kweli, kwa Wakamba mke ni wa ntheo, wale mbuzi wa kimila wanaopelekwa kwao, hayo mengine ni mapambo. Basi Aloys alimtuma mama yake amwombe mzee, kwa kuwa mwenyewe hakuthubutu. Tulidhani Mzee Kitheka atakataa. Alijibu, "Nitakuja. Huyo ni mtoto wangu." Mutheu aliniambia kwamba tangu siku moja kabla mzee aliacha ugoro, ili aende na kinywa safi, na kwamba alimsikia nyuma ya nyumba akijaribu yale maneno, kama mtu aliyeyasahau.

Tulifika Ekalakala na mbuzi zetu, tukapokelewa vizuri. Babake Mwikali alisema yake. Kisha Aloys na Mwikali wakapiga magoti juu ya mkeka, na Aloys akafungua vifungo vya shati mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Sijawahi kumwona amekosa uso wa kuvaa, lakini siku hiyo alikuwa na wake tu, na ulikuwa ukiomba.

Mzee Kitheka akasimama mbele yake. Akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza.

Wale watu wa Ekalakala hawakumjua mzee. Walimjua Mzee Mate. Kicheko kilianza kwa wasichana waliokuwa wakipakua pilau, kikapita kwa vijana, kikafika kwa wazee wenyewe. Wengine walisogea mbele waone vizuri. Shangazi mmoja wa Mwikali, mama mnene mwenye furaha, akapiga makofi akasema kwa sauti, "Ai! Kumbe na baba anajua kuigiza! Ebu muone, amemshika mtoto wake sawasawa!"

Mzee akafumbua macho. Akatuangalia, akamwangalia yule mama, akamwangalia mwanawe. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alimeza.

Kisha akanyoosha mkono, akamshika Aloys mkono kama mtu anavyomsalimu karani wa ofisi. "Kongole," akasema, kwa Kiswahili safi, akarudi kuketi.

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, wakidhani ndio mwisho wa mchezo. Mwikali alikuwa amefunika uso kwa leso. Aloys alibaki pale pale mkekani, amepiga magoti, shati wazi, kifua kikavu.