Ikisimama Anakuwa Wawili

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka minane, na shida ilianza hapo. Baba hakurudi nyumbani Makebuko. Mama akambeba dada yangu mgongoni, mimi akanishika mkono, tukakimbia mauaji hadi Tanzania. Shule niliishia darasa la tatu. Ufundi wa redio nilijifunza kwa kuharibu redio za watu, na tangu nilipoota ndevu sijamwomba mtu chakula. Nayasema haya mapema ili msomi yeyote asije kunifundisha kamera.

Amani ilipokuja tukarudi. Mama na dada walikwenda kwenye shamba letu Makebuko, mimi nikabaki Muyinga mjini, kwa sababu kule kuna harusi nyingi na watu wa Giteranyi, karibu na hapo, wanapenda kujiona kwenye video. Kamera ya kaseti ndogo niliinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu pale sokoni. Kamera ile, kabla hujaanza, inakuuliza: i au p?

Ukichagua p, inapiga picha nzima, halafu nzima nyingine. Ukichagua i, inapiga mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, halafu kufumba na kufumbua inarudi kujaza ule wa pili, wa nne, wa sita. Kwa hiyo kila picha ina nyakati mbili ndani yake, zimepishana mstari kwa mstari.

"Kaka, wateja wako wana televizheni gani?" aliniuliza yule mfanyabiashara.

"Za chogo, zile zenye mgongo mkubwa."

"Basi i. Chogo inakula i bila kutafuna. Ukiwapa p, wapiga ngoma wataonekana wana homa."

Nikaweka i. Siku ya kwanza kuijaribu nilikuwa Makebuko. Mama alikuwa amesimama palipokuwa na nyumba yetu, anaangalia migomba ya watu waliolishika shamba letu. Mwanamke mmoja mzee akamwita kutoka njiani, kwa jina lake la usichana. Mama akageuka. Kidevu kilitangulia, macho yakafuata, halafu bega. Ni hicho tu nilichokipata. Mama hakupenda kamera, akaingia kwenye kibanda chao cha muda.

Mvua zilizofuata akafa.

Sasa, kwetu mtu akizikwa, baada ya muda ndugu wanakaa tena, wanakunywa, wanaongea, wanauondoa msiba. Tunaita kuganduka. Bila ndugu wa marehemu, haiwi. Ndugu aliyebaki ni mdogo wake mama, mjomba wetu, yuko Bukirasazi. Tukamwendea, mimi na dada. Hakutukaribisha kiti.

"Dada yangu nilimwondolea msiba zamani," alisema. "Tuliambiwa amekufa njiani, yeye na watoto. Nilinyoa nywele, nikanywa pombe ya msiba, nikamaliza. Mtu haondolewi msiba mara mbili."

"Mjomba, hao watoto ndio sisi," dada alisema.

"Ninyi ni Watanzania. Mnajua shamba lilipo na mnalitaka, basi. Leteni uso wake."

Uso tungeutoa wapi? Picha yake kwenye karatasi za kurudi kutoka ukimbizini ililiwa na mchwa. Ilibaki kaseti. Nikaenda Gitega mjini, kijana wa studio akaisimamisha kwenye kompyuta pale mama anapogeuka, akaichapa kwenye karatasi.

Nilipoiona nilitaka kuiacha palepale. Zile nyakati mbili zilikuwa zimeachana. Mama mmoja anaangalia migomba, mama mwingine anaangalia njia, wamefumwa pamoja, na ukingo wa uso umekatika meno meno kama kitana. Dada akasema tuipeleke hivyo hivyo.

Mjomba aliishika kwa ncha za vidole. "Mmeniletea mzimu," akasema, akaigeuza kifudifudi.

Nikarudi kwa kijana wa studio. Akanionyesha kwamba mistari inaweza kutenganishwa, ubaki na wakati mmoja. Akafanya. Meno yakaisha, lakini ukibaki na nusu ya mistari unabaki na nusu ya uso. Mama akawa laini kama sabuni iliyotumika.

"Huyu ni mwanamke yeyote," mjomba alisema. "Hata mke wangu akifunga kitambaa ni huyu. Nendeni."

Dada alilia njia nzima. Alisema mama anamsumbua kila akilala, anasimama mlangoni wala haingii, kwa sababu kwa watu wake alishakufa zamani na hakuna aliyefuta kifo kile. Mimi siamini mambo ya ndoto. Lakini sikulala vizuri.

Ndipo nikafikiri kifundi. I haikutengenezwa isimame. Ilitengenezwa itembee, tena kwenye chogo. Nikachukua kamera na waya, tukarudi Bukirasazi na dada. Karibu na kwa mjomba palikuwa na kilabu cha pombe chenye jenereta na televizheni ya chogo. Mjomba alikuwapo, anakunywa.

"Mmerudi na mzimu wenu?" akasema, watu wakacheka.

Nikachomeka.

Mama akasimama mbele ya migomba. Akaitwa. Kidevu, macho, bega.

Mjomba aliweka chupa chini. "Rudisha."

Nikarudisha.

"Hivyo," alisema polepole, "hivyo ndivyo alivyogeuka nilipokuwa namwita tukichunga mbuzi. Kidevu kwanza. Mama yetu alikuwa akimchapa kwa sababu ya hicho kidevu." Halafu akauliza alikaa Makebuko muda gani kabla hajafa. Dada akamwambia: kupanda mpaka kuvuna. Mjomba akajipiga paja. "Na mimi nilikuwa hapa. Hapa!"

Nikataka kuisimamisha ili amwone vizuri. Akanishika mkono.

"Usisimamishe, mpwa wangu. Ikisimama anakuwa wawili."

Alikuja kwenye kuganduka, akanyoa nywele mara ya pili.

Siku hizi kila mtu ana televizheni bapa, na mimi nimenunua kamera ya p. Kwa harusi ni p, sibishani. Lakini wakiniita kumrekodi mzee wao nawauliza kwanza: mnataka kumtundika ukutani, au kumwona akigeuka?

Leo nina nyumba ya matofali Muyinga. Nusu ya shamba letu Makebuko, nusu nyingine tumewaachia wenye migomba. Kamera mbili. Baiskeli. Mbuzi. Televizheni ya chogo, wanangu wanataka niitupe. Kaseti moja ambayo sijarekodi juu yake.