Mgongo wa Bi Mlingoti

Bi Mlingoti alikwenda kliniki akiwa na nia moja tu: kuyumba.

Jina hilo alipewa na wenzake enzi za ubao wa kuunganishia simu, alipokuwa akishinda juu ya stuli ndefu, akinyoosha mkono kulia na kushoto kuwaunganisha watu na watu wao. Msimamizi hakutaka kuona mtu ameegemea. Naye hakuegemea, hata alipokuwa na mimba ya bintiye.

Sasa ni mjane, na nyumba imemzidi ukubwa. Hupika kwa sufuria ndogo kuliko zote na bado hula kiporo. Bintiye, aliposikia jirani wa mama yake kaanguka bafuni, alimwomba mama ahamie kwake, chumba kipo. Bibi akajibu kwa maringo kwamba yeye si mzigo wa kubebwa. Ulimi huo! Alijuta papo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wakakubaliana kipimo kiamue: akionekana yumo katika hatari ya kuanguka, atahama, la sivyo, atabaki.

Mtaalamu wa viungo, msichana mpole, alimkalisha kwenye kigoda kinachochezacheza, akamfunga kiunoni mkanda wa kupima anavyoyumba, akasimama nyuma yake tayari kumdaka. Alimweleza kwamba wazee hawaangushwi na miguu peke yake. Kiwiliwili kikilegea, mtu huenda chini. Kisha akamwomba afumbe macho na kunyoosha mkono.

Bibi akafumba. Akajiambia, haya, yumba sasa. Kigoda kikainama, na kabla hajafanya lolote mgongo ukajinyoosha wenyewe. Akajaribu tena, ukajinyoosha tena. Ungedhani yule msimamizi bado anamtazama.

“Hongera, Bibi,” mtaalamu akasema. “Wapo wasichana wasiokufikia.”

Jioni binti akapiga simu. Alifurahi kwa moyo safi, maskini, hakuwa na hila. Akasema basi chumba atapewa wifi yake, anayehangaika kutafuta pa kukaa. Kisha akauliza:

“Au ulikuwa unataka kuja, mama?”

Mlango ndio huo, wazi.

“Nije kufanya nini, mwanangu? Mgongo wangu mzima.”

Wakaagana. Akabaki amekaa wima ukingoni mwa kiti, simu mkononi, akitamani ilie tena, aulizwe mara ya pili.