Siku Ambazo Redio Haikumutaja Mumba

Sisi tuliokulia Nchelenge miaka ya tisini ikielekea mwisho, kiwanja chetu cha mupira kilikuwa na mistari mitatu. Mustari wa nne ulikuwa ziwa. Refa wa pembeni hatukuwa naye, kwa sababu mutu akitoka inje alilowa, na mutu aliyelowa hana la kubisha. Vijana wa leo wanatazama mupira kwenye simu wakiwa wamelala kitandani, halafu wanatufundisha sisi sheria. Bon, wafundishe.

Tulicheza zaidi wakati ziwa limefungwa. Kila mwaka, mvua ikianza, serikali inakataza kuvua ili samaki wazae, na wanaume wote kutoka kwetu hadi Chienge wanabaki na mikono mitupu. Mutu akikosa kazi atagombana na majirani au atapiga mupira. Kwetu walifanya vyote viwili, mara nyingi saa ileile. Mupira wenyewe ulikuwa chimpombwa, mifuko ya plastiki iliyosokotwa na kufungwa uzi wa nyavu hadi ikawa ngumu kama muhogo wa mwaka jana. Sisi wasichana tulikaa pembeni tukicheza chiyenga, tukirusha kokoto na kuzidaka juu ya kishimo chetu, na chimpombwa kikituvurugia kokoto tulikificha chini ya kitenge hadi tuombwe radhi. Muchezo ulikwisha pale harufu ya sombe, majani ya muhogo, na dagaa wetu wa chisense ilipofika ufukweni. Kila mutu alijua sufuria ya mama yake kwa pua.

Kaka yangu mukubwa, Yaya Mumba, alikuwa beki. Hakuchagua. Mwenye kufunga mabao alicheza mbele, mwenye mupira alicheza popote alipotaka, na aliyebaki akawa beki. Lakini Yaya alikuwa amekulia kwenye mutumbwi wa baba, na huko alijifunza kutumpula, yaani kupiga maji kwa fimbo ili samaki wakimbilie wavu. Uvuvi huo umekatazwa, na sijui nyumba ambayo haikuufanya. Yaya alileta ujuzi huo uwanjani. Hakumurukia mushambuliaji. Alitanua mikono, akapiga miguu chini, pah, pah, akamusogeza polepole hadi majini. Kisha akageuka, akaenda zake. Mutu yuko majini, kazi imekwisha.

Halafu baba akafa maji. Upepo wa alasiri ulivuma, mutumbwi ukafika kabla yake. Matanga yalipokwisha mama alimuita Yaya mbele yetu wote.

"Mumba, ziwa haitakula tena mutu wa hii nyumba. Tafuta kazi yoyote, lakini ikuwe ya inchi kavu."

Kwa kijana wa pwani yetu inchi kavu ilikuwa na kazi mbili, ualimu na mupira. Ualimu ulitaka kichwa, na kichwa cha Yaya kilikuwa cha kupigia kona.

Ba Kasongo, dereva wa lori la samaki, alimubeba juu ya magunia hadi miji ya migodi, kwenye timu moja iliyokuwa ikijaribu vijana. Tulijua kwamba akikataliwa atarudi, na akirudi ni mutumbwi. Mama hakula vizuri juma zima. Ba Kasongo aliporudi alitusimulia kwa uso wa mutu anayetangaza msiba. Yaya alikuwa amemusogeza winga hadi kwenye mustari, safi kabisa, kisha akageuka, akaenda zake. Winga akashangaa, akapiga krosi, bao. Mwalimu wa timu akamuuliza Yaya alikuwa anangoja nini.

"Nilingoja alowe," Yaya akajibu.

Walicheka hadi wakakaa chini. Halafu wakamuchukua, kwa sababu siku nzima ile hakuna mutu mwingine aliyepita upande wake.

Hivyo ndivyo kaka yangu alivyokuwa beki wa kulipwa, na mama akawa musikilizaji wa redio. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, na alasiri nyumba nzima ilikaa kimya kama kanisani. Mara ya kwanza mutangazaji alipopaza sauti, "Mumba! Mumba!", mama aliruka, akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio, mumoja akiwa na kuku wa pongezi. Kisha mutangazaji akaeleza kwamba Mumba amejifunga. Jirani akarudi na kuku wake.

Polepole tukaielewa kazi ya beki. Anayezuia vizuri hatajwi. Jina lake linakuja akikosea, akionyeshwa kadi, au akilala chini. Kwa hiyo mama akaanza kuomba kinyume na mama wengine wote wa wachezaji. Alifumba macho mbele ya redio na kusema, "Ee Mungu, basimutaje mutoto wangu." Tukinong'ona alitugeukia kwa hasira: "Nyamazeni! Nisikie kama habamutaji!" Mechi ikiisha bila jina lake, tulikunywa chai yenye sukari. Yaya alicheza misimu kadhaa bila kufunga bao hata moja, upande unaotakiwa namaanisha, na kwetu alikuwa bingwa. Akija likizo, mama hakumuuliza habari za kombe. Alimushika tu mashavu kwa mikono miwili na kumutazama, akitosheka kwamba yuko, ana pumzi na viatu vikavu.

Ikaja siku ya mechi kubwa. Uwanja ulijaa, mutangazaji aliongea hadi sauti ikakauka, akataja kila mutu, hata muuza maandazi aliyepita nyuma ya goli. Mumba, hapana. Mwanzo hadi mwisho, hata mara moja. Mama hakuwahi kusikia ukimya mutamu vile. Alichinja kuku, safari hii wa kwetu, akaimba nyimbo za kwaya, akawaambia majirani, "Leo mutoto wangu amecheza kupita siku zote!" Tulikula, tukacheza ngoma, tukaenda kulala tumeshiba.

Ba Kasongo alifika katikati ya juma. Alizima lori na hakushuka haraka. Alipokuja alikuwa ameshika kofia mukononi, na mama akasimama.

Yaya hakucheza mechi ile. Alivunjika muguu mazoezini siku ya kuamkia mechi, vibaya sana. Wakati sisi tunafurahia kwamba hatajwi, yeye alikuwa hospitali akilia kwa maumivu.

"Alikuwa anaita nani?" mama akauliza.

"Alikuita weye, mama."

Mama alikaa chini kwenye muchanga. "Na miye nilikuwa naimba," alisema. Alilia siku ile kuliko alivyomulilia baba, na hakuna hata mumoja wetu aliyejua pa kumushika.

Kesho yake alipanda lori, yeye ambaye hakuwahi kusafiri zaidi ya Kawambwa, akamuuguza Yaya hadi akasimama. Muguu ulipona ukiwa mufupi kidogo, na mupira ukawa umekwisha. Kurudi ziwani mama alikataa. Leo Yaya yuko Mansa, anafundisha batoto wa shule mupira, na anasema hakuna anayetaka kuwa beki. Wote wanataka kufunga, wakimbilie kamera, hata kama kamera ni simu ya shangazi.

Enzi zetu mutu aliyekuwa mbali alinyamaza miezi, na sisi tulilala, tukisema kimya chake ni afya. Ninautamani usingizi ule, sitadanganya. Sasa kila mutu ana simu. Wajukuu wanamutumia mama picha ya kidole gumba kwamba wako salama, na mama anauliza kidole hicho ni cha nani. Yeye anataka sauti. Kila jioni anamupigia Yaya, na ukimuambia mama "niko sawa" hakubali. Basi Yaya, ambaye tangu kuzaliwa hakupenda maneno, anamuelezea bukari, ugali wetu, aliyokula, jogoo wa jirani anayewika saa mbaya, soksi zilizopotea kwenye kamba. Akinyamaza kidogo, mama anasema, "Endelea."

Yaya anaendelea.